Wekundu Unaoaminika

Hebu tuanze na jambo moja la kiufundi, maana hoja yote imekaa hapo. Filamu ya rangi ina matabaka ya kemikali. La juu hunasa mwanga wa bluu, kisha kuna kichujio cha manjano, chini yake tabaka la kijani, halafu la nyekundu. Ukiifungua filamu gizani, ukaigeuza na kuirudisha kwenye mkebe wake kinyume, mwanga unaingia kwa mgongo. Unakutana na tabaka la nyekundu kwanza, na ukikaribia la bluu, kichujio kinameza bluu karibu yote. Picha zinatoka nyekundu, za machungwa, za dhahabu. Mtindo huu unaitwa redskeli. Kampuni ya Lomography huuza filamu iliyogeuzwa tayari, lakini wengi hujitengenezea kwa mkasi, selotepu na mfuko mweusi usiopitisha mwanga.

Swali langu: hiyo picha ni uongo?

Jibu la haraka la wasee wa kamera ni hapana. Hakuna filta ya simu hapo. Ni mwanga uleule, umepitia mlango wa nyuma. Halafu wana hoja nzito zaidi: hata filamu ya kawaida haijawahi kuwa shahidi asiyependelea. Kuanzia miaka ya 1950 maabara nyingi zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo; sisi tulitoka vile tulivyotoka. Kama rangi sahihi iliamuliwa na mtu ofisini Marekani, kwani mimi nikiamua yangu hapa Embu nimekosa nini?

Nakubaliana nao, lakini mpaka Embu mjini tu. Kutoka hapo barabara moja inapita Runyenjes na Chuka hadi Meru, mlima ukiwa kushoto kwako. Nyingine zinateremka Mbeere, kuelekea Siakago na Ishiara. Pakia filamu hiyohiyo, upige njia zote mbili. Majani ya chai ya juu ya Runyenjes yatatoka mekundu, na migomba ya Imenti itaonekana kama ya sayari nyingine. Hakuna atakayedanganyika. Kila Mkenya anajua chai ni ya kijani, kwa hivyo wekundu wenyewe unajitangaza kuwa ni mchezo.

Mbeere ni kavu kweli. Mvua ni ya kubahatisha, na ukame ukija kamera nazo zinakuja. Wekundu ukimwagwa juu ya nchi kama hiyo haujitangazi. Mtu aliye Nairobi anaona kwenye simu vilima vyekundu, anga la rangi ya kutu, mti mmoja, na anaguna: "Woi, watu wa huko wanateseka." Ameamini, kwa sababu picha imemwambia alichokuwa akidhani tayari. Muguka, ndengu, maembe, watoto wa shule na sare zao za bluu, vyote vimemezwa.

Mama mmoja anayeuza matunda Ishiara alilieleza hili kuliko mimi. Kabla ya kuomba kumpiga, nilimwonyesha kwenye simu picha ya maembe ya mtindo huu. Akaitazama sana.

"Ni nzuri, mwanangu. Lakini haya ni mabichi au yameiva?"

"Haionekani, mama."

"Sasa mnunuzi atajuaje?"

Tunapenda kusema sanaa ni sanaa. Sawa. Mchoraji akipaka mlima rangi nyekundu hakuna ugomvi, kwa sababu mchoro haudai kwamba ulikuwepo. Picha hudai. Tunaiamini kama tunavyomwamini shahidi, na deni hilo la imani halilipwi kwa kusema "ni kemikali tu." Kwa hivyo, kwangu, ubaya wa redskeli haupimwi kwa umbali wake na ukweli, unapimwa kwa urahisi wake wa kuaminika. Uongo unaojitangaza haumuumizi mtu. Ule unaofanana na uvumi wa zamani ndio unaokaa.

Na filamu yenyewe haituachii kisingizio, maana kiasi cha wekundu ni uamuzi. Filamu ya ISO 200 ukiipiga hivyohivyo kama ya 200, inatoka nyekundu nzito. Ukiipiga kama ya 50, yaani ukaipa mwanga mara nne, wekundu unalegea kuelekea dhahabu na vivuli vinaanza kufunguka.

Sisemi redskeli ipigwe marufuku Mbeere. Huko nako kuna vijana wenye haki ya kucheza na rangi kama wenzao wa Meru. Nasema anayeipiga Mbeere ana deni ambalo anayepiga chai hana: aongeze mwanga, aandike chini ya picha kwamba filamu imegeuzwa, na aweke kando yake picha moja ya rangi za kawaida, embe lijulikane kama limeiva. Kama hayo ni mengi kwake, apande matatu ya Meru.