Jiwe na Nyasi

Aghalabu nyumba huitwa ya kihistoria ikiwa ya mawe. Iliyosimama miaka mia tatu huheshimiwa. Iliyooza huhesabiwa kuwa haikuwako. Kwa kipimo hicho nchi ya Buha, toka Kasulu hata Kibondo na Kasanda, karibu haina historia ya nyumba. Je, kipimo chenyewe ni cha haki?

Nyumba ya asili ya Waha ilikuwa msonge. Fito zilichomekwa ardhini kwa duara, zikapindwa zikakutana juu, zikafungwa, kisha nyasi zikashuka toka kileleni mpaka chini, hata mtazamaji asijue paa limeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Mvua huozesha nyasi na mchwa hula fito; basi nyumba hiyo haikuwa na budi kujengwa tena na tena. Mjukuu hakurithi nyumba ya babu, alirithi namna ya kuijenga. Nyumba ambayo kila ufito wake ni mpya, na umbo lake ni la mababu, ni ya jana au ni ya kale?

Yamkini mtu atasema kuwa jiwe halina shaka hiyo. Lakini katika kijiji cha Chedworth, Uingereza, palikuwa na nyumba ndogo ya mawe iliyojengwa katika karne ya 17. Henry Ford, tajiri wa magari, aliinunua. Ikabomolewa, mawe yakatiwa namba, yakapakiwa melini, na mwaka 1930 yakapangwa upya Michigan, Marekani. Mawe ni yale yale, ila bonde na majirani walibaki nyuma. Msonge haununuliki hivyo: ukibomolewa ni mzigo wa kuni.

Hata hivyo, wausifuo msonge kwa kalamu wengi wao hulala chini ya bati. Mama aliyechoshwa na moshi, giza na hofu ya moto, akachagua tofali, hakuwakosea mababu. Tena jiwe lina fadhila moja kubwa, nayo ni kusubiri. Mji wa Gede, katika pwani ya Kenya, ulihamwa na watu wake karne nyingi zilizopita, na kuta zake bado zinasomeka. Nyasi hazisubiri. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa watu katika makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya vijijini katika nyumba za mistari. Misonge waliyoiacha haikuwa magofu, iliingia udongoni.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, huliita jengo la kale lile lililojengwa kabla ya 1863. Msonge haungeweza kutimiza umri huo hata kama ungejengwa Kasanda kwa miaka elfu bila kukoma. Kijana wa huko asomeaye ujenzi aweza kupima kuta za Gede kwa kamba yake. Upana wa duara la msonge, na mti uliofaa kwa fito, hana budi kumwuliza mzee, angali yupo.