Kuvunja makundi si kufunika dhulma

KILA zinapomalizika kura za maoni, viongozi wa vyama husimama majukwaani na kauli moja: tuvunje makundi, tuungane nyuma ya mgombea wetu. Ni kauli njema. Lakini Muislamu mwenye kufikiri hana budi ajiulize: tunaungana juu ya lipi?

Sisi wa Nyalikungu jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2010, Maswa ikiwa bado mkoani Shinyanga, John Shibuda alishindwa katika kura za maoni za CCM, akahamia Chadema na kushinda ubunge wa Maswa Magharibi. Katika hali kama hiyo anayehama huitwa msaliti, na anayebaki huitwa kipofu. Majina yote mawili hutolewa kwa pupa.

Tazama yaliyotokea kitaifa. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Chadema ilimtaja Edward Lowassa miongoni mwa iliowaita mafisadi. Julai 2015 jina lake lilipokatwa Dodoma, akahamia Chadema na kuwa mgombea wake wa urais. Mara waliomwita fisadi wakamsafisha, na baadhi ya waliomtetea jana wakaanza kumchafua. Mwaka 2019 akarejea CCM, na ndimi zikageuka tena. Swali si kama Lowassa alikuwa mwema au mbaya. Swali ni: ni kitendo gani kipya kilichobadilisha ushahidi wa watu hawa? Kilichobadilika ni kadi tu. Umoja unaomtaka mtu ageuze ushahidi wake kwa sababu ya kadi si umoja, ni unafiki.

Je, aliyeshindwa asusie? Hapana. Aliyeingia kwenye kinyang'anyiro amekubali kanuni zake. Angeshinda yeye, angetaka wenzake wamkubali. Basi akishindwa kwa haki, kukubali ni kutimiza ahadi, na Uislamu umesisitiza sana kutimiza ahadi.

Lakini pale ushindi uliponunuliwa kwa fedha, kuwaambia watu wanyamaze kwa ajili ya umoja ni kuwadhulumu mara mbili. Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya takrima mwaka 2006, hivyo hakuna tena wa kujificha nyuma ya neno hilo. Surat Al-Hujurat, aya ya 9, inatuamrisha kuwapatanisha waumini waliogombana, lakini suluhu yenyewe iwe ya uadilifu. Haikusema tusuluhishe kwa kufunika. Kwa hiyo malalamiko yasikilizwe kwanza, mkosaji aondolewe, ndipo tuzungumzie kuvunja makundi.

Na mlalamikaji naye ana mipaka. Surat Al-Maidah, aya ya 8, inakataza chuki juu ya watu isitupeleke kwenye kutotenda haki. Mwenye ushahidi aupeleke panapohusika. Asiye nao asimzushie mwenzake rushwa kwa uchungu wa kushindwa.

Kura ni amana na ni ushahidi. Chama hakiimiliki, wala kinyongo hakiimiliki. Mpe unayeamini mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa anafaa, awe ni wa kundi lako au la. Ukishapiga, msalimie jirani aliyempa mwingine, na msimame safu moja msikitini. Wabunge huja na kuondoka. Jirani ndiye atakayekuja kukuzika.

Wabillahi tawfiq.