Mwalimu Hakuja Kukuhukumu

Ndugu rubani, wewe unayepaa kutoka Voi ukapita juu ya vilima vyetu, sikia neno hili kutoka Ronge. Mwalimu anapopanda ndege yako kwa ile saa ya mafunzo, kabla idhini yako ya kurusha ndege haijaisha, hakuja kukuhukumu. Amekuja kukufundisha. Mbona basi unamficha?

Ndivyo mfanyavyo wengi wenu. Unajua moyoni kwamba upepo wa ubavuni unakutia hofu. Unajua kwamba tangu upate leseni hujajizoeza tena kupunguza kasi mpaka mabawa yakashindwa kuibeba ndege, kisha ukainamisha pua na kuiokoa bila papara. Lakini mwalimu akikuuliza, "Leo tufanye nini?" unamjibu, "Tuzunguke uwanja kidogo tu." Mnapaa, mnatua, mnapaa tena, yote ni yale unayoyaweza hata usingizini. Anatia sahihi, mnapeana mikono, nawe unamshukuru Mungu kwamba umepita. Umepita nini? Hapakuwa na mtihani! Umelipia mafuta, umemlipa mwalimu, umeshuka na hofu ileile uliyopanda nayo.

Chukua kanuni za Ulaya. Idhini ya ndege za injini moja ya pistoni hudumu miezi 24. Rubani akiwa, ndani ya miezi 12 ya mwisho, amerusha saa 12, na 6 kati ya hizo yeye ndiye nahodha, akapaa mara 12 na kutua mara 12, kisha akafanya saa moja ya mafunzo na mwalimu, idhini yake inaendelea. Katika saa hiyo hakuna kufaulu wala kufeli. Wamarekani nao huwataka marubani wao, kila baada ya miezi 24, wakae na mwalimu saa moja ardhini na saa moja angani. Mwalimu asiporidhika hatii sahihi, wala haandiki kwamba mtu amefeli. Anaandika kwamba amefundisha, na mwanafunzi anarudi kwa somo jingine. Rehema iliyoje! Nanyi mnaigeuza kiti cha hukumu.

Lakini asitoke mtu hapa akidhani nimeufuta mtihani. Huko huko Ulaya, aliyeacha idhini ikafa hawezi kuifufua kwa saa moja na mwalimu rafiki yake. Atakaa mbele ya mtahini, ataombwa haya na yale, na hapo kufeli kupo. Aliyefika huko akidhani ni somo ataduwaa. Na usikope kanuni ya mwenzako aliyesomea ng'ambo. Leseni yako ikiwa ya Kenya, sheria yako ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Isome mwenyewe, mstari kwa mstari, tarehe ya mwisho ikiwa bado mbali.

Kwa nini napaza sauti? Kwa sababu nchi hii haimsamehe rubani aliyejificha. Uwanda wa Voi uko mita 600 hivi juu ya bahari, na kilele cha Vuria kinasimama mita 2,208. Jua likiwa utosini hewa huwa nyepesi, ndege hula njia ndefu kabla ya kuacha ardhi, na ukielekea huku kwetu vilima vinapanda upesi kuliko unavyopanda wewe. Upepo ukishavuka kilele huteremka kwa nguvu upande wa pili na kuikandamiza ndege ndogo. Hilo ndilo la kumwambia mwalimu: "Twende karibu na vilima, unionyeshe mahali pa kugeukia kabla sijachelewa."

Na anayelipia si rubani peke yake. Tarehe 14 Mei 1931, rubani Denys Finch Hatton alipaa kutoka Voi kwa ndege ndogo ya Gipsy Moth, yeye na mtumishi wake Kamau. Ndege ikaanguka hapohapo, ikawaka moto, wakafa wote wawili. Simtaji marehemu ili nimlaumu. Namtaja kwa ajili ya Kamau, ambaye wengi wanaosimulia habari hii humsahau. Abiria haoni daftari lako la urubani. Haijui sahihi iliyomo ilipatikanaje. Anafunga mkanda, anakuamini.

Nanyi walimu, sehemu ya lawama ni yenu. Mnapanda kimya, mnakunja uso, mnashika kalamu kama watahini, kisha mnashangaa mtu akiogopa kukosea mbele yenu! Kabla injini haijawashwa, semeni kwa sauti: leo ni mafunzo. Mwulizeni anaogopa nini, anzeni na hilo, na sahihi msiitie mpaka mmelifanya. Akihitaji saa ya pili, mwambieni wazi aje kwa saa ya pili. Na siku ya mtihani semeni vilevile, leo ni mtihani, ili aliye mkono wa kushoto ajue amekaa na nani.