Mungu Atatupa, Lakini Barua Iko Wapi?

Mama mmoja wa Ukunda ametuandikia. Kwa ruhusa yake tunamjibu hapa, maana nyumba nyingi kuanzia Diani hadi Msambweni zinalijua jambo lake.

Mume wake alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli ya ufukweni. Masika yalipoanza wageni walipungua, hoteli ikafungwa kama ilivyo kawaida ya msimu, na wafanyakazi wakapewa likizo bila malipo. Wenzake walipoitwa tena, yeye alipewa barua ya kuachishwa kazi. Hakumwambia mtu. Kwa miezi miwili alitoka kila alfajiri amevaa shati lake jeupe, akashinda chini ya mivinje akitazama bahari, akarudi jioni. Mkewe alifahamu ukweli siku mtoto aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mwenye duka akakataa kumwandikia tena unga katika daftari la madeni. Alipouliza, mumewe alijibu: “Mungu atatupa. Wewe una imani haba.” Mama anatuuliza, je, ni kweli?

La, mama. Kuuliza unga utatoka wapi si imani haba. Mtazame Yosefu katika Injili ya Mathayo, sura ya pili. Aliambiwa na malaika arudi katika nchi ya Israeli, akaondoka na Mtoto na mama yake. Lakini alipopata habari kwamba Arkelao anatawala Uyahudi, aliogopa kwenda huko. Aliuliza hali ya nchi, akaogopa, na Mungu hakumkemea. Alimwonya katika ndoto, naye akaenda pande za Galilaya. Maongozi ya Mungu yalipitia katika hofu ya mzazi aliyekuwa macho.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 306 kwamba Mungu ndiye Bwana wa mpango wake, na kwamba katika kuutimiza huwatumia viumbe vyake pia. Basi anayesema “Mungu atatupa” huku akimfungia mwenzake mlango amemnyang’anya Mungu mmoja wa watumishi wake. Bwana wetu alipotuonyesha ndege wa angani hakusema kwamba dume humficha jike kuwa nafaka zimekwisha!

Sasa wewe baba, nakuomba usiukunje ukurasa huu. Sidhani ulificha barua kwa ubaya. Uliona haya. Tangu siku ya arusi umeamini kwamba wewe ndiwe unayeilisha nyumba hii, na mshahara ulipokoma ukaona hata ubaba wako umekoma. Lakini nani alikuambia kwamba hoteli ndiyo Mungu wenu? Wazee wa Diani wanakumbuka Agosti 1997, ghasia zilipozuka Likoni, watu wakakimbilia kanisa Katoliki la huko kuokoa maisha, na watalii wakaondoka. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya na ndege za abiria kutoka ng’ambo zikasimamishwa, hoteli zilifungwa tena. Wapishi hodari na wahudumu waaminifu walirudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyekosa lolote. Kazi ya watalii haikuwa mikononi mwako hata siku ile ulipokuwa nayo. Kama Mungu aliwalisha kwa njia ya hoteli, hoteli ilikuwa njia tu. Kumwamini katika jambo hili ni kukubali kushuka katika kiti ambacho hakikuwa chako. Mkeo ajue huna kazi, nawe uendelee kuwa mumewe.

Mama, kuna neno lako pia. Unaandika kwamba mama mkwe anataka mwende kwa mganga, aone ni nani aliyemfunga mwanawe. Usikubali. Mganga atawapa jina la jirani, nanyi mtarudi na chuki pamoja na deni jipya. Lakini pia usilipeleke jambo hili kwenye jumuiya ndogo ndogo kama ombi la sala kabla hujazungumza naye mkiwa wawili. Nimeona mume akisikia siri ya nyumba yake ikiombewa mbele ya majirani. Hakurudi kwenye jumuiya tena.

Sikuahidi kwamba ataitwa kazini. Mungu hakutuahidi hivyo, na anayekuambia kwamba novena fulani itarudisha ajira anakudanganya. Ahadi mliyopeana altareni ilitaja taabu pamoja na raha, na hii ndiyo taabu yenyewe.

Usiku mmoja, watoto wakiisha kulala, kaeni mezani. Baba, ilete barua ile. Isomeni pamoja, kwa maana huenda ina haki yenu ndani yake. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mfanyakazi anayepunguzwa kazini kwa sababu kazi imekwisha, si kwa kosa lake, hupaswa kupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Yeye aliyeogopa kumwonyesha mkewe barua hiyo, je, aliwahi kuuliza kuhusu fidia? Nadhani hapana. Nendeni wote wawili kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Kisha andikeni madeni yote, hata yale madogo ya mahamri. Mwalimu mkuu aendewe na baba mwenyewe, asitumwe mtoto. Mkimaliza kuandika, wekeni kalamu chini mkasali. Na usiku huo wa kwanza, mama, usimuulize alikuwa anakula wapi mchana kwa miezi ile miwili. Atakuambia mwenyewe.