Nyuki naye ana haki katika asali yake

Kila ninaposomesha Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, huulizwa asali inatibu maradhi gani. Ni nadra mtu kuniuliza: je, nyuki aliyeitengeneza ana haki gani kwetu?

Swali hili huonekana wazi zaidi katika nchi za baridi. Huku kwetu nyuki hupata maua sehemu kubwa ya mwaka. Kanada theluji hufunika ardhi kwa miezi, na nyuki hawalali. Hukusanyika bonge moja ndani ya mzinga, malkia akiwa kati yao, wakitetemesha misuli ya mbawa ili wapate joto. Kuni zao ni asali. Kundi moja huweza kuhitaji kilo 30 au zaidi mpaka maua yarudi.

Sasa tazama binadamu. Kwa miaka mingi wafugaji wengi wa Manitoba, Saskatchewan na Alberta walivuna asali, kisha wakawaua nyuki kwa gesi ya sumu kabla ya baridi. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kununua nyuki wapya kutoka Marekani ni nafuu kuliko kuwalisha wa zamani. Mwaka 1987 Kanada ilifunga mpaka kwa kuhofia utitiri wa nyuki. Ndipo wengi wakajifunza kuwaachia akiba, kuwapa maji ya sukari kufidia asali iliyochukuliwa, na kuifunika mizinga au kuiweka katika vyumba vyenye nyuzi joto 5 hivi.

Kumbe iliwezekana!

Atasema mtu: Allah ametutiishia viumbe hawa. Naam, na kuvuna asali ni halali. Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza kuua nyuki, na hadithi hiyo imo katika Sunan Abu Daud. Tena ametupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Anayechukua akiba yote ya nyuki wakati nje hakuna hata ua moja, asiwape kitu, ana tofauti gani naye?

Ndugu Waislamu, tusiwacheke watu wa Kanada. Mfanyakazi wa ndani anayerudishwa kijijini siku anapougua, kwa kuwa kupata mwingine ni rahisi kuliko kumtibu, amepigiwa hesabu ile ile. Wafugaji wale walisubiri mpaka ufungwe. Sisi tunaosoma Surat An-Nahl tunasubiri nini?