Kosa ni la Nani?

Wanafunzi wa Bwana wetu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hata hivyo sisi Wakristo twaliuliza kila siku. Mtoto wa maskini akiugua malaria mara kwa mara, twasema upesi: mama yake ni mzembe, chandarua hakitumii.

Je, twasema kweli? Tutazame pande za Kagoma, mkoani Kagera, na wilaya ya Muleba. Huko wazazi wengi waliwalaza watoto ndani ya vyandarua vyenye dawa, wala homa haikukoma. Mwaka 2015 wataalamu walianza jaribio katika vijiji vya Muleba, vilivyogawanywa katika makundi 48. Baadhi walipewa vyandarua vya kawaida. Wengine, vyandarua vilivyoongezwa dawa ya pili, ya kuvunja nguvu za mbu sugu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kati ya watoto waliolala katika vile vya pili, wenye malaria walikuwa wachache zaidi. Mbu walikuwa wamekwisha kuizoea dawa ya zamani. Basi mama aliyekaripiwa huenda alitimiza wajibu wake wote. Silaha aliyopewa ndiyo iliyokuwa butu.

Hatusemi kwamba uzembe haupo. Twasema kuwa kumhukumu mgonjwa kabla ya kuchunguza ni dhuluma, hata ikifanywa kwa nia njema. Mwenye mali huweka dari na wavu dirishani. Mtoto wake asipougua, twamsifu kwa busara. Maskini hulala penye matundu, na zahanati i mbali. Mtoto wake akiugua, twamlaumu. Je, hiyo ndiyo haki?

Kwa hiyo vijana wanaosomea ustawi wa jamii, kama katika taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, yawapasa wafundishwe kusikiliza kabla ya kushauri. Naye mtafiti apimaye damu ya watoto wetu ana deni: awarudishie wenyeji majibu kwa lugha waielewayo, kwani maarifa hayo yametoka katika miili yao.

Lakini tusiwaachie wataalamu kazi yote. Mama akipita na mtoto mwenye homa mgongoni, jirani asiulize amekosa nini. Ampokee mzigo, afuatane naye hata zahanati.