Je, ni Pombe Iliyoamua, au ni Mimi?



Tunapoketi kupatanisha ugomvi wa nyumba, mara nyingi tunasikia neno hili: "Si mimi, ilikuwa pombe." Mmoja ameuza maharage ya watoto. Mwingine ameahidi kurudi Kongo kesho bila kumwuliza mama watoto. Je, wanasema kweli?

Wataalamu wa ubongo wanaona ukweli kidogo hapo. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kutuzuia. Pombe huidhoofisha. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, walieleza kwamba aliyelewa huona lililo karibu tu. Fedha iliyo mbele yake anaiona; njaa ya mwisho wa mwezi haioni. Tena pombe huleta furaha ya muda, na ikiisha moyo unaweza kuwa mzito zaidi. Ndiyo maana aliyefiwa, akinywa ili asahau, hurudia.

Lakini kikombe cha kwanza kilishikwa na mtu mwenye akili timamu. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, na hapo ndipo wajibu wetu ulipo.

Hapa Burundi pombe haiko mbali. Gitega kuna kiwanda cha bia cha Brarudi. Huku Muyinga urwarwa wa ndizi hutengenezwa nyumbani. Pombe hunywewa hata kwenye mahari na mauzo ya shamba. Hata hivyo, kwa desturi ya Warundi, Mushingantahe, yaani mzee wa kuamua mashauri, alitakiwa kuwa mtu wa kiasi katika kunywa. Hawakuikataa pombe, walijua kwamba hukumu ya haki inataka kichwa kizima.

Basi mambo ya chakula, ndoa na safari ya kurudi yaamuliwe asubuhi, mume na mke pamoja, kabla ya kikombe chochote. Aliyezoea kunywa sana, akitetemeka anapoacha, aende kwa waganga wa kituo cha afya, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari.

Na sisi tusionywa tusijihesabie haki. Jirani mwenye msiba tukimwacha peke yake jioni, chupa ndiyo itakayomtembelea. Twende sisi kwanza.

Tusome Mithali 23 nyumbani.